Ndege Hairuki Mpaka Kle Ionekane

Kanengo, Lilongwe
tarehe 4 mwezi wa tatu, 2001

Kwa yaya wangu Mathilde,

Nakusalimia sana, dada yangu mkubwa, na kama Mungu amekupa afya leo, asikumbuke kuichukua kesho. Mugongo wako je? Na ile kikohozi ya usiku? Mi niko muzima. Nalala hapa Kanengo, nyuma ya depo ya tumbaku, na hata mkate ninaokula unanuka tumbaku. Kwa hiyo ukisikia harufu kwenye hii karatasi usifikiri nimeanza kuvuta.

Yaya, kazi nimepata, lakini iko na matata. Unakumbuka ile siku ya kuandikishwa wakimbizi kambini Dzaleka, miaka miwili imepita, muntu akaniuliza kazi yangu ya zamani, na kabla sijafungua kinywa we ukajibu, "Ni fundi wa kushona, kama mimi"? Ulifanya vile juu ya kuogopa neno askari. Mi nilinyamaza. Basi ile kushona ikaandikwa kwenye karatasi yangu, na sasa imenifuata mpaka uwanja wa ndege. Kampuni moja ndogo ya ndege iliomba fundi wa kushona viti, bakatafuta kwenye karatasi za kambi, bakaniona. Nilikubali mbio mbio. Nilisikia neno ndege tu, mengine yote sikusikia.

Leo asubuhi mukubwa wa mafundi, Bambo Msukwa, huku bwana banamwita bambo, alinipa vitambaa akasema viti iko nane, wiki mbili. Miaka kumi na moja nilitengeneza ndege za jeshi, yaya. Moteri naifungua hata ukinifunga kitambaa machoni. Lakini sindano ilinishinda tangu utoto, na we njo shahidi. Vipimo nimeandika nyuma ya hii barua, na vitambaa analeta jirani yetu Goreth akitoka kuuza vitenge sokoni Tsoka. Shona we, mi nitasema ni mimi.

Mudogo wako,
Ambroise


Dzaleka
tarehe 11 mwezi wa tatu, 2001

Kwa mudogo wangu Ambroise,

Salamu za hapa zikukute ungali na akili, maana barua yako imenitia wasiwasi. Mugongo wangu uko palepale nilipouacha jana, aksanti kwa kuuliza. Wiki hii bamefika familia tatu tena kutoka Fizi, kule kwetu Kongo. Banasema vita haijachoka. Mukeka wako nimewapa, juu we unalala kwenye kitanda sasa.

Vipimo vyako nimeviona. Nilifikiri umenipimia jeneza. Urefu, upana, kina, lakini mahali pa matako ya muntu hukuandika. Nilimwita Sinzinkayo, yule jirani Murundi anayetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, akaketi juu ya ndoo, nikampima yeye. Kwa hiyo viti vyote nane viko na umbo la Sinzinkayo. Abiria mwenye kiuno kikubwa kuliko chake apande basi.

Mishono mingine imepinda kidogo. Mashini yangu inatetemeka tangu tuishushe kwenye boti, nati za chini zimelegea na hapa hakuna mwenye chombo cha kuingia mule. Wakikuuliza, sema njo mtindo wa Kongo. Na wakikuambia ushone mbele yao, funga kidole na kitambaa useme umejikata. Habari ya jeshi usiitaje. Nimekulisha tangu tukimbie Uvira, sitaki nikuone unarudi hapa na bantu wawili nyuma yako wanaokuuliza maswali.

Yaya wako,
Mathilde


Kanengo, Lilongwe
tarehe 8 mwezi wa nne, 2001

Kwa yaya wangu Mathilde,

Natumaini hii karatasi inakukuta umeketi. Kama umesimama, tafuta kigoda kwanza, nami nitakungoja. Afya yangu ni nzuri. Ya kwako naiombea kila siku, na ya mashini yako pia.

Viti vimeingia vizuri kabisa. Bambo Msukwa alipitisha kidole kwenye mushono, akasema mwanaume mwenye mikono ya namna hii hajawahi kumwona. Nilitazama chini kama mutu mnyenyekevu.

Shida ilikuja Jumanne. Balikuwa banawasha moteri, mi niko ndani ya ndege nafunga kiti cha mwisho, nikasikia silinda moja haifanyi kazi. Sauti yake inajulikana, ni kama mutu anayejizuia kukohoa kanisani. Kinywa changu kikasema chenyewe: silinda ya nne, plagi. Bote bakamcheka fundi wa kushona. Bakafungua. Silinda ya nne, plagi. Bambo Msukwa akafukuza bengine, akaniuliza nimejifunza wapi. Nilikumbuka maneno yako, yaya, hata nikaanza kufunga kidole. Lakini aliinua ile plagi mbele ya macho yangu, na nikatoa yote: jeshi la anga, Katanga, miaka kumi na moja, na mishono si yangu.

Hakunifukuza. Alinipa salopeti ya bluu, nguo ya mafundi, na miezi mitatu ya kujaribiwa. Nikipita, kampuni itaandika barua Capital Hill, kule kwa serikali, waniombee kibali cha kazi, halafu nifanye mtihani wa mafundi wa ndege za raia. Nikishindwa, narudi Dzaleka kushika jembe. Hakuna njia ya tatu, amesema mwenyewe.

Ila hii kazi ya raia, yaya, inachekesha. Kule jeshini kitabu kilikuwa kinywa cha komanda. Akisema ndege iruke, inaruka, hata kama gurudumu linalia. Hakuna aliyesinya jina lake popote, juu mwenye kusinya njo anayefungwa kasho mambo yakiharibika. Huku kila kitu kinaandikwa na kila mutu anatia sahihi. Juzi nilibadilisha balbu moja ndogo kama punje ya haragwe, sahihi tatu. Na vyombo vyote vinatundikwa kwenye ubao uliochorwa umbo la kila chombo, na kila tukimaliza kazi banavihesabu kimoja kimoja kama batoto wa shule. Mi nacheka ndani ya tumbo.

Pasaka nakuja. Nitaleta salopeti, imepasuka kwenye goti.

Mudogo wako,
Ambroise


Dzaleka
tarehe 17 mwezi wa nne, 2001

Kwa mudogo wangu Ambroise,

Natumaini ulifika salama na kwamba lori la mahindi halikukutikisa sana. Sisi huku tuko na furaha ya Pasaka bado. Umetuachia nyumba iliyojaa kicheko, na sufuria tupu.

Goti la salopeti nimeshona. Lakini zaidi nataka kukushukuru. Nilipogeuza mifuko nifue, nikakuta kle ndogo ya kukazia nati, namba kumi, inang'aa kama kijiko cha harusi. Kumbe ulisoma kile nilichoandika juu ya mashini, ukanyamaza, ukaniletea kimyakimya. Nililia kidogo, Ambroise, sikufichi. Tangu tutoke Uvira hakuna mutu aliyenifikiria hivyo bila kuombwa.

Mashini imekaza sasa, inashona laini iliyonyooka kabisa. Sinzinkayo ameazima, ametengeneza kabaza mbili. Kwaya nayo imeazima, imekaza mguu wa kinanda. Mtaa mzima unakuombea. Hii barua anakuletea pasteri Cishahayo, ambaye naye amekaza kiti chake.

Yaya wako mwenye furaha,
Mathilde


Kanengo, Lilongwe
tarehe 18 mwezi wa nne, 2001

Kwa yaya wangu Mathilde,

Salamu. Nisamehe kama leo siulizi mugongo kwa urefu. Huku kuna balaa.

Jana, Jumanne baada ya sikukuu, bamehesabu vyombo, na kwenye ubao kuna umbo moja tupu. Kle ya kumi, ile huku banaita spana. Haiko. Bambo Msukwa akasema ile ndege tuliyoishika Jumamosi hairuki mpaka hiyo kle aione kwa macho yake. Abiria walikuwa na safari ya leo. Amewarudisha. Tumeng'oa sakafu, tumetoa viti vyako vyote vinane, tumepapasa kila kona. Mi njo nimetambaa kuliko bote, magoti hayana ngozi.

Kule jeshini tungewasha moteri tukaenda, na kinachogonga ndani kigonge. Huku Bambo anasema spana ikiwa karibu na nyaya za usukani, inaweza kuzibana angani na rubani asiweze kugeuka. Basi kuna fundi mmoja hapa ni mzembe, yaya, na tukimjua atatoka mbio. Mi namshuku kijana mmoja anayepaka ndege rangi. Mwenyewe niko salama, juu Jumamosi bakihesabu nilijibu kwamba vyombo vyangu viko vyote.

Goreth anapanda lori sasa hivi, namkabidhi hii.

Mudogo wako,
Ambroise


Kanengo, Lilongwe
tarehe 20 mwezi wa nne, 2001

Yaya,

Pasteri amenipa barua yako. Niliisoma nikiwa nimelala chini ya tumbo la ndege, na sikutoka pale kwa muda mrefu. Bafundi walifikiri nasali.

Usimwazime mutu tena. Mnyang'anye kila aliye nayo. Ifunge ndani ya kitambaa, itie katikati ya unga, umpe Goreth aniletee Jumatatu. Nitaiangusha kwenye mfereji nje ya hangari, halafu nitapiga kelele kwamba nimeiona. Kule jeshini tulifanya hivi kila mwezi na tulipewa hata pongezi. Hakuna atakayejua.

Tafadhali, fanya mbio.

Mudogo wako,
Ambroise


Dzaleka
tarehe 20 mwezi wa nne, 2001

Kwa mudogo wangu Ambroise,

Salamu, na tulia, unywe maji. Yaya wako amekwisha kumaliza matata yako.

Nilipata barua yako ya balaa kwa Goreth jana. Nikasoma mpaka kwenye neno kle, nikatazama mashini yangu, nikatazama salopeti, nikajua mzembe ni nani. Nilikaa chini. Kumbe hukuniletea zawadi, ulisahau tu kutoa mfukoni. Hilo tutaliongea siku nyingine, limeniuma.

Leo saa nne gari jeupe likaingia mtaani, bantu wawili na karatasi mikononi, banauliza nyumba kwa nyumba. Nikasema njo hao, wanatafuta kle, na wakiikuta kwangu watasema askari wa zamani ni mwizi wa vyombo vya ndege, na kibali cha Capital Hill kwaheri. Sikungoja. Nilienda chooni nikaitupa shimoni. Ilitoa sauti mara moja, ikanyamaza. Ndipo wale bantu wakafika, wakanisalimia vizuri sana, na wakaniuliza kama nina mtoto wa chini ya miaka mitano wa kuchanjwa.

Haidhuru. Kle haiko, ushahidi hauko. We nyamaza kama ulivyofundishwa jeshini, na jambo litapita. Usinishukuru.

Yaya wako,
Mathilde


Kanengo, Lilongwe
tarehe 24 mwezi wa nne, 2001

Kwa yaya wangu Mathilde,

Nakusalimia kwa upole wote. Barua yako na salopeti Goreth aliniletea jana. Niliisoma mara tatu, nikitumaini kwamba mara ya tatu hutakuwa umeitupa.

Nisikilize sasa, na usikasirike kabla ya mwisho.

Jana mchana, bafundi wakiwa wanakula nsima, ugali wa huku, nilirudi hangari. Bambo Msukwa hakwenda kula. Alikuwa amelala chali ndani ya mkia wa ndege, mutu wa miaka hamsini na nane, siku ya tano, anapapasa pembe moja moja kwa ncha za vidole. Nilisimama pale na salopeti uliyoshona. Nikafikiri jambo ambalo sijakuambia hata siku moja.

Mwaka wa tisini na tatu ndege yetu moja iliondoka asubuhi na bantu tisa. Haikurudi. Tuliitengeneza watatu, mi nikiwa mmoja. Wiki moja kabla yake nilipoteza bisibisi. Nilinyamaza, nikaiba ya mwenzangu, naye akaiba ya mwingine, njo ilivyokuwa kule. Labda bisibisi yangu ilianguka kwenye majani. Labda ile ndege ilianguka kwa mambo mengine kabisa. Sijui, yaya. Miaka minane sijui, na hakuna karatasi popote inayoweza kuniambia, juu hatukuandika kitu. Naogopa hiyo kuliko nilivyoogopa kasho.

Basi nikamwambia Bambo atoke mkiani, kle haiko humo. Nikamwambia iliondoka mfukoni mwangu. Nikamwambia na habari ya Jumamosi ile: mwenye kuhesabu alipoita vyombo vyangu, mi nilijibu "viko" bila kutazama. Jeshini mwenzako akikosa kwenye mustari majina yakiitwa, unamjibia wewe asiadhibiwe. Nilimjibia kle kama askari mwenzangu.

Akaniuliza iko wapi. Nikasema iko chooni kwa yaya yangu. Akapangusa vidole kwa kitambaa. Halafu akauliza, "Shimo lina urefu gani kwenda chini?"

Sikujua. Kesho anakuja huko yeye mwenyewe. Mi ameniambia niketi ndani ya biro, ile ofisi yake, nisiguse hata kalamu. Nimemwambia kwamba uliitupa kwa ajili yangu, na kwamba kosa ni langu. Anasema kuhusu miezi yangu mitatu ataamua akiiona kle, na asipoiona, ndege itafunguliwa mabawa na mi nitafunga virago. Usimdanganye hata kidogo, yaya. Nakuomba. Mwambie kila kitu, hata habari ya kinanda.

Mudogo wako,
Ambroise


Dzaleka
tarehe 25 mwezi wa nne, 2001

Kwa mudogo wangu Ambroise,

Salamu za haraka, juu mwenye kubeba hii barua njo Bambo Msukwa mwenyewe. Ameketi kwenye kigoda changu ananingoja nimalize, na chai amekataa mpaka anawe tena.

Barua yako amenipa yeye. Niliisoma mbele yake. Ile habari ya mwaka wa tisini na tatu sitaijibu kwa karatasi, njoo nyumbani tuketi. Lakini ujue sikukasirika.

Alikuja saa tatu, tai shingoni, viatu vinang'aa. Nilimwonyesha choo. Akatoa tochi, akachungulia kama daktari anayetazama koo, halafu akaleta kutoka kwenye gari kipande cha sumaku kimefungwa kwenye kamba. Nilitaka tufanye kimyakimya, lakini we unajua Dzaleka. Kabla kamba haijafika chini, mtaa mzima ulikuwa pale, na pasteri Cishahayo alikuwa ameanza kuomba. Mara ya kwanza ilipanda uma. Mara ya pili kifuniko cha sufuria yangu. Mara ya tatu ikapanda kengele ya baiskeli ya Sinzinkayo, ile ambayo yeye alisema Goreth amemwibia, na hawajaongea tangu Krismasi. Ilibidi tusimame kidogo ili Sinzinkayo amwombe Goreth msamaha. Mara ya sita ikapanda kle yako.

Bantu wakapiga makofi. Bambo Msukwa hakucheka. Aliiosha kwa sabuni yangu mara tatu, kisha kwa mafuta ya taa, akasoma namba yake, akalinganisha na karatasi. Halafu akafungua kitabu kikubwa juu ya meza ya mashini. Tulikuwa tunaongea Kichewa changu cha sokoni. Akaniuliza imepatikana wapi. Nikamwambia, "Bambo, si umeona mwenyewe?" Akasema yeye ameona, kitabu hakijaona. Akaandika: choo cha shimo, Dzaleka. Akauliza nani alikuwa nayo. Nikasema mimi. Akauliza ilifanya kazi gani. Nikataja mashini moja, kabaza mbili, kinanda, na kiti cha pasteri, naye akaandika yote, mpaka pasteri akaondoka kwa haya.

Habari yako ni hii. Miezi yako mitatu inaanza upya kesho, siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza hutashika chombo chochote kwa kazi. Utavihesabu tu, asubuhi na mukitoka, na kila kimoja utakigusa kwa mkono kabla hujasema kiko. Nilimuuliza kwa nini hakukufukuza. Akasema miaka thelathini vyombo vimempotea vingi, na hii njo mara ya kwanza aliyepoteza amekuja kumwambia. Alisema bila kutabasamu, kwa hiyo usivimbe kichwa.

Halafu akageuza kitabu upande wangu, akanipa kalamu. Nikauliza nisinye nini. Ambroise, tangu tuingie hii nchi nimesinya karatasi za msaada kuliko mutu yeyote unayemjua. Unga, nimepokea. Maharagwe, nimepokea. Blanketi mbili, plastiki ya paa, sabuni, nimepokea, nimepokea. Nikatafuta hilo neno kwenye ukurasa wake na sikuliona. Alikuwa ameandika "aliyerudisha", na mbele yake ameacha nafasi. Akanishikia kitabu kisisogee. Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la mama.

Yaya wako,
Mathilde